Uzi: Kalkuleta za mkono zilizobaki Kisumu, Nakuru na Magharibi. Tuziandike kabla hazijafika kwa mizani ya vyuma chakavu

Kikokotozi_Ksm (Kisumu)

Wadau, habari zenu. Nafungua uzi huu kwa ajili ya kalkuleta zisizojua betri wala umeme: zile bapa za bati au shaba zenye safu za meno na kijiti cha kuvutia, zile za magurudumu yanayozungushwa kwa kidole, na zile chache za mkono wa kuzungusha zinazoenea kwenye kiganja. Nazikusanya, nazirekebisha, na mbili kati yake nazitumia dukani kila siku kufunga hesabu ya jioni.

Huku kwetu nyingi hutoka kwenye droo za maduka ya zamani yanapofungwa, hasa yale ya Oginga Odinga Street, au kwenye masanduku ya watu waliofanya kazi reli, viwanda vya pamba na viwanda vya sukari. Nyingine huishia Kamas na kando ya Kibuye, zikapimwa kwa kilo pamoja na sufuria zilizotoboka. Hapo ndipo roho huniuma. Chuma chenyewe si kikubwa, hata kilo moja haifiki. Kinachopotea ni habari ya nani alikihesabia nini.

Kwa hiyo ombi langu ni moja, na nitalirudia mpaka mnichoke: ukipata mashine ya namna hii, kabla ya kuisugua, kabla ya kuifungua, kabla ya kutafuta bei, andika imetoka wapi. Duka gani, mji gani, ilitumiwa na nani, kwa hesabu gani. Kama kuna daftari, risiti, bahasha au hata karatasi iliyokunjwa ndani ya pochi yake, usivitenganishe. Addiator, moja ya hizo bapa, iliyotoka Berlin inafanana na maelfu ya wenzake. Ile iliyokaa miaka thelathini kwenye duka la Kisumu pamoja na daftari lake haina mwenzake popote.

Kwa wasiozijua, nianze na hizo bapa kwa sababu ndizo nyingi. Jina linalojulikana zaidi ni Addiator, kampuni iliyoanzishwa na Carl Kübler mjini Berlin mwaka 1920 na kudumu hadi 1982. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Heinrich Kummer alionyesha kifaa cha aina hii St Petersburg mwaka 1846, na Mfaransa Louis Troncet akakitengeneza kwa ajili ya soko kuanzia 1889. Ndiyo maana wakusanyaji huziita zote za ukoo wa Troncet, hata kama zimetengenezwa Ujerumani, Marekani au Japani.

Ndani kuna vipande vyembamba vya chuma, kimoja kwa kila safu, vyenye meno pembeni. Unatia kijiti kwenye jino lililo mkabala na tarakimu unayotaka kuongeza. Jino likiwa jeupe, unavuta kijiti chini hadi mwisho. Likiwa jekundu, unasukuma juu, kisha unazunguka ile ndoana iliyo juu ya safu mpaka kijiti kigote upande wa kushoto. Basi.

Chukua 48 + 37. Umeshaweka 48. Kwenye safu ya makumi unavuta 3 chini, kidirisha kinaonyesha 7. Kwenye mamoja unatia kijiti kwenye 7, unakuta nyekundu. Unasukuma juu: kipande kinapanda hatua 3, kwa maana 10 kutoa 7 ni 3, na ile 8 inashuka kuwa 5. Unapozunguka ndoana, kijiti kinasogeza safu ya jirani hatua moja, 7 inakuwa 8. Jibu 85. Mashine haikuvusha kumi yenyewe. Umeivusha wewe kwa mkono, na rangi ndiyo iliyokuambia wakati wa kufanya hivyo. Mtoto wa darasa la tatu akiifanya mara chache anaelewa kwa nini kumi inavuka, jambo ambalo kalkuleta ya simu haimwonyeshi kamwe.

Haya, leteni mlizo nazo.

Omera_Kondele (Kisumu)

Omera, umenikuta na jambo. Kuna jamaa ananunua vyuma karibu na kwangu, wiki iliyopita aliniwekea kitu cha bati chenye safu saba, kijiti hakipo. Mbele imeandikwa Magic Brain Calculator, na chini kwa herufi ndogo Japan. Rangi imetoka pembezoni lakini safu zote zinateleza isipokuwa moja. Je, ina maana yoyote au ni mwanasesere wa watoto?

Kikokotozi_Ksm (Kisumu)

Si mwanasesere hata kidogo, ndugu yangu. Hizo Magic Brain zilitengenezwa Japani kwa bei ya chini baada ya vita, kwa kanuni ile ile ya Troncet, zikasambaa dunia nzima. Bati lake ni jepesi kuliko la Addiator na uchapaji wake ni wa kupendeza kuliko wa Wajerumani, huo ni mtazamo wangu. Bei yake sokoni ni ndogo, lakini inafanya kazi. Rudi kwa huyo jamaa umuulize mzigo aliouchukua ulitoka wapi. Leo anakumbuka, mwezi ujao hatakumbuka.

FundiSaa_Nax (Nakuru)

Salamu kutoka Nakuru. Mimi ni fundi wa saa, na hizi mashine huletwa kwangu kwa sababu watu hawajui pengine pa kuzipeleka. Niseme machache kuhusu kuzifufua, maana nimeona nyingi zikiuawa na watu wenye nia njema.

Usimwagie mafuta. Najua mkono unakimbilia chupa ya oili ya cherehani kila kitu kinapokwama, lakini kwenye hizi bapa mafuta huvuta vumbi, vumbi linakuwa ugoro mweusi katikati ya vipande viwili vya chuma, na baada ya miezi michache hakuna kinachosogea. Toa vumbi kwanza kwa brashi laini ya rangi. Kama safu bado ni nzito, kwangua risasi ya penseli laini iwe unga, weka kidogo sana kwenye ule mfereji, sogeza juu na chini. Unga wa penseli unalainisha bila kunata.

Usiinue yale masikio madogo ya bati yanayoshika mfuniko wa nyuma. Yalikunjwa mara moja kiwandani, na hayakutengenezwa kukunjuliwa. Ukiyainua, moja litakatika, na mashine haitabana tena.

Kijiti kikipotea, chukua spoki ya baiskeli, kata urefu wa kidole, piga msasa ncha mpaka iwe butu na laini kabisa. Ncha kali inachimba rangi, na rangi ndiyo inayokuongoza kuvuta au kusukuma. Rangi nyekundu ikiisha, mashine imepofuka.

Na ninyi wa Kisumu, unyevu wa ziwa. Hizi za shaba zisikae kwenye pochi ya ngozi mwaka mzima. Ngozi na shaba zikikaa pamoja penye unyevu huzaa ule ukungu wa kijani unaokula chuma. Weka pochi kando na mashine kando, ndani ya kopo lenye vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya.

Omera, hiyo safu moja iliyokwama usiilazimishe. Igonge taratibu kwa kidole huku umeielekeza chini. Mara nyingi ni punje ya mchanga.

Nyar_Milimani (Kisumu)

Hamjambo. Nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa nimeona niulize. Babu yangu mzaa mama alikuwa karani katika duka la jumla la familia moja ya Kihindi hapa Kisumu tangu kabla ya uhuru. Lilipofungwa, mwenye duka alimpa sanduku la vitu vya ofisini. Humo mna Addiator, jina limepigwa chapa wazi, lakini ni ya ajabu kidogo. Safu ya kulia kabisa inakwenda hadi 11, si 9. Inayofuata ina herufi s juu yake, na za kushoto zina alama ya pauni.

Naelewa kuwa ni ya fedha za Kiingereza. Nisichoelewa ni ilikuwa ikifanya nini Kisumu. Babu alisema siku zote kuwa shilingi yetu ilikuwa na senti mia, hata wakati wa mkoloni.

FundiSaa_Nax (Nakuru)

Dada, huenda ilikuwa mali ya mzungu fulani aliyeiacha. Hapa Nakuru walowezi waliondoka wakaacha vitu vya kila namna, na vikauzwa pamoja na meza na makabati. Mwenye duka anaweza kuwa aliinunua kwenye mnada bila kuitumia siku moja.

Kikokotozi_Ksm (Kisumu)

Fundi, nakuheshimu, lakini nadhani hii ilifanya kazi, na kazi ngumu. Dada Nyar_Milimani, babu alisema kweli. Hapa tulikuwa na rupia yenye senti 100, halafu florini kwa muda mfupi, na tangu 1921 shilingi ya Afrika Mashariki yenye senti 100. Kenya haikuwahi kugawa shilingi yake kwa peni 12. Lakini shilingi ile ililingana na ya Kiingereza: shilingi 20 kwa pauni moja, huku na kule.

Sasa fikiria duka la jumla. Vitambaa, majembe, taa, sindano, vyote vimetoka Uingereza kwa meli hadi Mombasa, kisha kwa reli iliyofika ziwani mwaka 1901. Ankara inakuja kwa pauni, shilingi na peni. Karani anatakiwa kuhakikisha jumla ya ankara ni sahihi kabla tajiri hajalipa, halafu aiandike daftarini kwa shilingi na senti. Pauni 4, shilingi 7 na peni 6 inakuwa shilingi 87/50. Hiyo ni rahisi, nusu shilingi ni nusu shilingi. Ugumu uko kwenye peni moja moja. Peni 1 ni senti 8 na theluthi. Peni 4 ni senti 33 na theluthi.

Karani akibadilisha kila mstari wa ankara kuwa senti kwanza ndipo ajumlishe, makosa yanalundikana. Vitu vitatu vya peni 4 vinampa 33 + 33 + 33, yaani senti 99, wakati bei yake halisi ni shilingi kamili. Ankara ya mistari sitini itamkosesha usingizi. Njia ya salama ni kujumlisha kwanza kwa peni na shilingi za Kiingereza, kisha kubadilisha mara moja tu, mwishoni. Na hapo ndipo mashine yenye safu ya 11 inapohitajika: peni zikifika 12 zinavuka kuwa shilingi, shilingi zikifika 20 zinavuka kuwa pauni. Addiator ya kawaida ya makumi haiwezi.

Mimi naona ulichorithi ni chombo cha mtu aliyekuwa kati ya fedha mbili zenye thamani sawa na mgawanyo tofauti. Waingereza wenyewe waliacha peni 12 tarehe 15 Februari 1971, na mashine hizi zikakosa kazi siku ile ile. Je, sanduku lina karatasi zozote?

Nyar_Milimani (Kisumu)

Lina madaftari mawili na rundo la ankara zilizofungwa kwa uzi. Sikuwahi kuzifungua, nilidhani ni takataka za duka. Nitazitazama wikendi.

Mpimaji_Mstaafu (Nakuru)

Wanangu, nimefurahi kuona vijana wanajali mambo haya. Mimi nilifanya kazi ya upimaji wa ardhi, nilianza kama msaidizi wakati mashamba makubwa ya Bonde la Ufa yanagawanywa kwa ajili ya makazi. Mnazungumzia Addiator, nami ningependa kuwaeleza habari ya Curta, kwa sababu niliishika mkononi kwa miaka mingi na ninayo bado.

Ni mcheduara mweusi wa chuma, urefu wa sentimita 8 na nusu hivi, unaenea kiganjani. Pembeni ina vitelezi 8 vya kuwekea namba. Juu ina mkono mdogo wa kuzungusha. Jibu linatokea juu, tarakimu 11, na kaunta ya mizunguko ina tarakimu 6. Hiyo ni Aina ya I. Aina ya II ni kubwa zaidi: vitelezi 11, jibu tarakimu 15, na kaunta tarakimu 8.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Unapima umbali na pembe shambani, kisha unazidisha umbali kwa saini na kosaini (sine na cosine) ya pembe kutoka kwenye vitabu vya majedwali, upate umesogea kiasi gani kaskazini na kiasi gani mashariki. Tuseme umbali mita 250, pembe digrii 37. Saini yake 0.6018. Ofisini tulikuwa na mashine kubwa za mezani, nzito kama jiwe la kusagia, hazitoki nje ya mlango. Na Curta nilikaa kwenye kivuli cha mgunga, nikaweka 6018, nikazungusha mara 5 kwenye makumi, nikainua kichwa nikasogeza nafasi moja, nikazungusha mara 2 kwenye mamia. Mizunguko saba. Mita 150.45. Kama mstari haufungi, yaani hesabu hairudi pale ulipoanzia, najua pale pale, naweza kupima tena kabla ya kuteremsha vigingi. Wenzangu waliosubiri hadi warudi ofisini walilazimika kurudi shambani siku nyingine.

Na kama ni kuzidisha kwa 98, huhangaiki na mizunguko kumi na saba. Unazungusha mara moja kwenye mamia, kisha unavuta mkono juu na kuzungusha mara mbili kwenye mamoja. Mkono ukiwa umevutwa juu, mashine inatoa badala ya kujumlisha. Mia moja kutoa mbili. Mizunguko mitatu.

Aliyeibuni ni Curt Herzstark wa Vienna, aliyezaliwa 1902, familia yake ikiwa watengenezaji wa mashine za hesabu. Baba yake alikuwa Myahudi. Mwaka 1943 Wanazi walimkamata na kumpeleka kambi ya Buchenwald, na huko ndani, mateka, ndiko alikochora michoro kamili ya mashine hii. Wakuu wa kambi walimruhusu kwa sababu walitaka kumzawadia Hitler baada ya ushindi. Ushindi haukuja. Kambi ilikombolewa Aprili 1945, Herzstark akatoka hai na michoro yake. Mashine ikatengenezwa na kampuni ya Contina huko Liechtenstein, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, karibu 140,000 kwa jumla. Kila nilipoishika niliwaza kuwa kitu kilichochorwa mahali pa kifo kilinisaidia kuwagawia watu ardhi ya kuishi. Silichukulii kirahisi jambo hilo.

Omera_Kondele (Kisumu)

Mzee, shikamoo. Nimesoma mara mbili. Swali langu: mkono ule ule, mzunguko wa upande ule ule, unaweza vipi kutoa kwa kuuvuta juu tu? Gia hazigeuki kurudi nyuma?

FundiSaa_Nax (Nakuru)

Mzee akiniruhusu nijibu, maana nimewahi kuitazama ndani, mashine ya mteja.

Hazirudi nyuma kamwe. Ndiyo siri yake. Inatoa kwa kujumlisha. Chukua 85 kutoa 37. Kwa tarakimu tatu, toa kila tarakimu ya 037 kutoka 9: unapata 962. Ongeza 1: 963. Sasa jumlisha 85 na 963: 1048. Tupa ile 1 ya mbele ambayo haina nafasi kwenye mashine ya tarakimu tatu, unabaki na 048. Ndiyo jibu.

Ndani ya Curta kuna mcheduara mmoja katikati wenye meno yaliyopangwa kama ngazi. Kuna safu za meno za namba yenyewe, na katikati yake kuna safu za meno za kukamilisha tisa. Ukivuta mkono juu, mcheduara mzima unapanda milimita chache, na gia zilizokuwa zinakutana na meno ya namba sasa zinakutana na meno ya kukamilisha tisa. Mzunguko ni ule ule, upande ule ule.

Mcheduara wa meno ya ngazi ulibuniwa na Leibniz katika miaka ya 1670, lakini kwake kila tarakimu ilikuwa na wake, na ndiyo sababu mashine za ukoo huo zilijaza meza. Herzstark aliweka mmoja tu, tarakimu zote zikauzunguka. Hapo ndipo ilipopata udogo wake. Mimi hufungua saa kila siku, na sijaona kazi safi kuliko ile.

Onyo kwa atakayeipata: usiinue kichwa mkono ukiwa katikati ya mzunguko, na ikikataa kuzunguka usitie nguvu. Kuna vizuizi ndani vinavyokulinda na kosa lako. Ukivivunja, hakuna spea Kenya hii.

Mali_ya_Kale (Eldoret)

Nawasikiliza kwa makini, lakini tuongee pia mambo ya riziki. Mimi nanunua na kuuza vitu vya kale. Curta iliyo hai, yenye kopo lake, inapita dola elfu moja kwa wanunuzi wa Ulaya na Marekani, na zilizo safi sana zinapita zaidi. Hiyo ni karo ya mtoto. Mnapowaambia watu wasiuze, mnawaambia wakae na njaa wakitazama chuma. Mnunuzi wa Ujerumani ataitunza vizuri kuliko droo ya Kisumu. Na Addiator, ambayo mara nyingi haifiki hata dola 50, nayo inapata mtu wa kuipenda huko.

Kikokotozi_Ksm (Kisumu)

Ndugu, hakuna aliyesema watu wasiuze. Soma tena nilichoandika mwanzo. Mtu akiwa na karo ya kulipa, auze, na apate bei nzuri, na wewe umsaidie kuipata.

Nisemacho ni kwamba mashine isiondoke uchi. Ukinunua kwa mama fulani Bungoma, dakika kumi za kuuliza marehemu mumewe alifanya kazi gani hazikupunguzii faida. Nikuambie kama mfanyabiashara mwenzako: mkusanyaji wa kweli hulipa zaidi kwa mashine yenye historia na karatasi zake kuliko kwa ile tupu. Lakini hata isingeongeza shilingi moja, ningekuomba vivyo hivyo. Mnunuzi wa Ujerumani ataitunza Addiator ya dada Nyar_Milimani vizuri, sina shaka. Atakachoshindwa kukijua, asipoelezwa, ni kwamba ilikuwa ikibadilisha peni za Manchester kuwa senti za Kisumu. Kwake itakuwa moja ya zile za pauni, ya kawaida.

Na usitegemee sheria itusaidie. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Hizi zetu zote ni za baadaye. Hakuna afisa atakayeizuia uwanja wa ndege, na hakuna atakayeiandika. Ni sisi.

Mali_ya_Kale (Eldoret)

Hilo la kuuliza na kuandika sina shida nalo. Nikubali tu nipige picha na kuandika kabla ya kutuma. Nina bapa mbili hapa sasa hivi, moja nilitoa Kapsabet, nyingine Kitale. Nitaweka maelezo leo usiku.

Mwalimu_Vihiga (Vihiga)

Mulembe wote. Nimestaafu kufundisha hisabati. Baba yangu alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha sukari cha Muhoroni tangu kilipoanza miaka ya 1960. Aliniachia rula ya kukokotolea ya Faber-Castell, ile yenye ulimi unaoteleza katikati. Mgongoni mwake imefungwa Addiator nyembamba. Kwa miaka mingi sikujua kwa nini vitu viwili viunganishwe, hadi nilipoanza kuitumia mwenyewe darasani.

Rula ile inazidisha, inagawanya, inatafuta kipeuo, kwa sababu imepangwa kwa logi: kuongeza urefu juu ya urefu ni kuzidisha namba. Lakini kwa sababu hiyo hiyo haiwezi kujumlisha. Mhandisi aliyekuwa na rula peke yake aliweza kupata tani za miwa mara kiwango cha sukari, kisha akashindwa kujumlisha matokeo ya zamu tatu bila karatasi. Mgongo ukaziba pengo la uso. Tena rula inatoa tarakimu tatu za kuaminika, pengine nne kwa jicho kali, ilhali Addiator haipotezi hata moja.

Niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha pili waishike, sura ya logi. Wengi waliokuwa wakikariri majedwali waliuliza maswali siku hiyo ambayo hawajawahi kuuliza. Ningependa shule zipate hata zile za bati za Magic Brain, si lazima Curta.

Baba aliacha pia kijitabu chake cha vipimo, ameandika kwa penseli. Nilikuwa nakiweka kwenye kabati jingine. Nimekitoa, sasa viko pamoja.

Mpimaji_Mstaafu (Nakuru)

Mwalimu, umenikumbusha. Sisi tulikuwa na rula pia, lakini kwa mipaka ya shamba tarakimu tatu hazitoshi. Kwenye mita 1,500, kosa la tarakimu ya nne ni mita nzima ya ardhi ya mtu, na watu wamepigana kwa chini ya hapo. Ndiyo maana Curta ililipiwa. Kisha mwaka 1972 ikaja HP-35, kalkuleta ya elektroni ya mfukoni, dola 395, yenye saini na kosaini ndani yake, bila kitabu cha majedwali. Tulipoziona zinafika ofisini tulijua kazi ya mkono imekwisha. Wengi walizitupa Curta kwenye makabati. Yangu niliiomba, nikapewa kwa barua. Barua ninayo.

Nyar_Milimani (Kisumu)

Nimefungua ankara. Nyingi ni za vitambaa na vyombo vya enameli kutoka Uingereza, kwa pauni, shilingi na peni, kama alivyosema Kikokotozi. Chini ya kila moja kuna jumla iliyorudiwa kwa penseli, mwandiko wa babu, naujua. Pembeni ameweka alama ya tiki. Kwenye baadhi, jumla yake haifanani na iliyochapishwa, na amezungushia duara. Kisha kwenye daftari, tarehe ile ile, kiasi kimeandikwa mara moja tu kwa shilingi na senti. Hakubadilisha mstari kwa mstari.

Nimejaribu ankara moja iliyozungushiwa duara kwenye Addiator yenyewe, kwa kijiti cha spoki alichoelekeza fundi. Babu alikuwa sahihi. Mtumaji alikuwa ameongeza peni 9 za ziada.

Nimemwonyesha mama. Sasa anataka tuviweke vyote kwenye sanduku moja na orodha juu yake. Mnashauri niandike nini kwenye orodha?

FundiSaa_Nax (Nakuru)

Dada, nafuta neno langu la mnada. Kazi ya babu inaonekana.

Kikokotozi_Ksm (Kisumu)

Dada, asante sana kwa kutuletea hili, na mpe mama salamu zetu. Andika jina la mashine na maneno yote yaliyopigwa chapa mbele na nyuma, hata yasiyoeleweka. Andika jina la babu kama familia inaridhia, kazi yake, mtaa lilipokuwa duka, na miaka unayoijua kwa hakika. Ankara zipe namba kwa penseli laini nyuma, kwenye kona, usitumie kalamu ya wino, na usiguse ule uzi uliozifunga kama mpangilio wake ni wa babu. Ile yenye duara uliyoijaribu, iandikie namba yake kwenye orodha pamoja na jumla zote mbili, ya mtumaji na ya babu. Piga picha kurasa za daftari zinazolingana nayo. Pini na klipu za chuma ziondoe, zitaacha kutu kwenye karatasi.

Omera, jamaa wa vyuma alisema ule mzigo ulitoka wapi?

Omera_Kondele (Kisumu)

Alisema ulitoka Ahero, kwa familia iliyokuwa ikibomoa stoo ya zamani ya mpunga. Anayo nambari yao. Magic Brain nimeshainunua, safu iliyokwama imefunguka, kweli ilikuwa mchanga. Jumamosi napanda matatu kwenda kuwauliza nani alikuwa anaitumia, na kama kuna kingine kilichobaki kwenye hiyo stoo.